Niliondoka Dukani Nikingoja Kuitwa

Shule niliachia darasa la sita, na bado soko zima la Kibuye hakuna mtu wa spea aliyewahi kuniuzia injini mbovu. Trekta za miwa kule Muhoroni zinatembea na vyuma nilivyovichagua kwa sikio tu. Kwa hivyo binti yangu aliponipa elfu tisa, pesa ya kusuka watu nywele likizo nzima, nilimwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ulinishika mimi, nikiwa bado sijafika barabarani.

Alikuwa anaunda kompyuta ya kuchezea gemu, kipande kwa kipande. Kilichobaki ni prosesa, ambayo nilielewa ndiyo injini yenyewe. Siku hiyo alikuwa na kichwa cha bibi harusi cha kusuka, hakuweza kutoka. Alinieleza mara tatu.

"Baba, usitafute yenye nguvu sana. Tafuta yenye picha ndani yake. Zingine lazima uzinunulie kadi ya picha kando, na hiyo hatuiwezi."

Aliniandikia nambari kwenye karatasi. Nikamwambia nilikuwa nanunua injini kabla yeye hajazaliwa.

Duka liko nyuma ya soko, la kompyuta za mitumba. Mama mwenye duka alisoma karatasi, akaweka mezani kitu kama kipande cha biskuti. Nilikigeuza. Hakina mlio, hakina oili ya kunusa. Nikakirudisha mezani.

"Imebaki hii moja. Elfu tisa."

"Saba."

"Tisa ndiyo ya mwisho, Mzee."

Kila mtu Kibuye husema ndiyo ya mwisho. Nilitaka kumrudishia mtoto elfu mbili, aone baba yake ni nani. Nikafanya kazi ninayoijua: nikaondoka. Unatembea polepole, na kabla hujapita vibanda vitatu muuzaji anakuita. Nilipita cha viatu. Nikapita cha sufuria. Kwenye cha mapazia nilisimama, nikashika kitambaa nisichokitaka, masikio yote yakiwa nyuma. Kimya.

Niliporudi, jamaa mmoja aliyevaa tai alikuwa anaitia ile biskuti mfukoni.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

"Yako umeilipia wapi, jaduong'?" akaniuliza, akiniita mzee kwa Kijaluo, kwa heshima kabisa, akaenda zake.

Mama alinionyesha mbili nyingine. Moja mpya, yenye nguvu, elfu nane. Ya pili kuukuu, imetolewa kwenye mashine ya ofisi, elfu tano. Mkono wangu ulienda kwa yenye nguvu wenyewe. Halafu nikaogopa. Nilimpigia binti yangu, na kwa sababu ya kelele za soko nikaweka simu kwa sauti ya juu.

"Imeisha," nikamwambia.

"Ilikuwepo, dada," mama akadakia. "Mzee aliondoka."

Nikasikia bibi harusi akicheka kule. Binti yangu hakucheka.

"Baba, uliondoka?"

"Niliondoka kidogo."

Akamuuliza yule mama maswali ambayo sikuelewa hata moja. Yenye nguvu, mama akakiri, haina picha ndani. Ile kuukuu inayo, na itaingia kwenye bodi ya kompyuta ya binti yangu.

"Gemu zitakuwa zinakwama kwama," binti yangu akasema. "Chukua hiyo, Baba. Na usiombe kupunguziwa."

Nililipa elfu tano bila neno, mara ya kwanza tangu nianze biashara. Nyumbani nilisimama mlangoni wakati binti yangu anaifunga ndani ya kompyuta, nikiomba Mungu kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji. Skrini ikawaka. Wachezaji wa mpira wakatokea, wakakimbia kama wamevaa gambuti.

Nilimrudishia ile elfu nne iliyobaki. Hakuitia kwenye mkoba wake. Aliikunja ndani ya ile karatasi ya nambari na kusema atakuwa anapitia duka lile kila wiki, mwenyewe, mpaka ingine kama ile ya kwanza ije.