Tangi la Kahawa Nililoliharibu Itaka

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa koti la marehemu baba, mikono yake imenizidi hadi vidole havionekani. Ilikuwa Itaka, kwenye kiwanda kidogo cha kumenya kahawa cha kikundi cha wakulima. Bwana Msimamizi, mzee mfupi wa kofia ya sufu, alinitazama kuanzia juu hadi chini, akarudi tena juu.

"Umesoma?"

"Darasa la nne, mzee."

"Ukafeli?"

"Sikufeli. Baba alifariki, ng'ombe wakakosa mtu."

"Basi kunja hayo makoti yako ulete mkono. Kahawa haisomwi."

Akachota kahawa mbichi ndani ya tangi, akanijazia kiganjani, akaniambia nisugue. Ikateleza kama kambale. Akanipeleka kwenye tangi la pili, akachota tena. Hii ikalia: kwaru, kwaru, kama changarawe. "Ile ya kwanza bado," akasema. "Hii imeiva, ioshwe sasa hivi. Ukijua kutofautisha sauti hizo mbili, umemaliza chuo."

Niwaeleze kidogo ninyi mnaokunywa tu. Kahawa inachumwa ikiwa tunda jekundu. Kwanza inatiwa majini, yale matunda mabovu yanaelea, unayatoa. Kisha mashine inalimenya lile ganda la nje. Punje inayobaki ina utelezi, na utelezi hautoki kwa maji peke yake. Ndiyo maana tunaivundika: tunaiacha ndani ya tangi ijichachue yenyewe mpaka utelezi uachie. Ukiiosha mapema, haitakati. Ukichelewa, inaoza, na uozo wake haufichiki, unanuka hadi barabarani. Kule Mbozi, iliko Itaka, msimu wa kahawa ni msimu wa baridi, na baridi huchelewesha kuiva, lakini jua likiwaka siku moja mambo yanakwenda mbio. Hakuna saa ya kukuambia. Ni mkono na sikio.

Mimi nililijua jambo hilo upesi kuliko wenzangu wote. Nasema wazi, sina haja ya unyenyekevu wa uongo. Katika msimu wa pili Bwana Msimamizi alinikabidhi matangi yote matatu. Watu wenye vyeti wakawa wananiuliza mimi wa darasa la nne: "Fundi, tuoshe?" Nami nasugua, nasikiliza, nanyamaza kidogo ili wangoje, kisha natikisa kichwa. Utamu wa kuulizwa ule! Mwenzangu mmoja aliniomba nimfundishe. Nikamwambia, "Utaelewa tu mwenyewe." Nilijua fika kwamba hataelewa mwenyewe. Elimu ile nilitaka iwe yangu peke yangu.

Haya niliyoyaandika hadi hapa yamenichukua miezi mitatu, na si kwa sababu mkono ni mzito. Binti yangu mkubwa, Faraja, anayefanya kazi kwenye ofisi za wilaya kule Chitete, ndiye aliyeniletea kaunta buku na kalamu mbili. "Baba, andika maisha yako," aliniambia. "Wanangu wanakujua wewe kama babu anayegomba redio ikizimwa. Hawajui ulikotoka." Nikamwambia sina muda. Akacheka. "Mstaafu gani hana muda?"

Alipoondoka nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika: Nilizaliwa. Nikakwama. Ningeendelea nini? Kuzaliwa kwangu sikukuona. Nikachana ukurasa. Nikaandika majina ya babu na babu wa babu, ikawa kama orodha ya msibani. Nikachana. Mara ya tatu nikaandika sentensi niliyoipenda sana: Mimi baba yenu, katika maisha yangu yote ya kazi, sikuharibu tangi la kahawa hata moja.

Nikampelekea mke wangu nimsomee. Alikuwa ameketi jikoni anachambua maharage. Nikasoma kwa sauti ya kanisani. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Hee, Baba Faraja."

"Nini?"

"Na lile la Itaka lilikuwa la nani? La shetani?"

"Lile ni jambo la zamani."

"Si unaandika ya zamani? Au unaandika ya kesho kutwa?" Akatupa punje mbovu nje kwa kuku. "Kalamu yako haiendi kwa sababu umeipandisha juu ya uongo. Anza na tangi lililooza, utaona kama haitaenda."

Nilikasirika. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye mibuni yangu, siku mbili nikawa naitikia kwa "mm" tu. Yeye akawa anapika vizuri zaidi, jambo ambalo ni uchokozi. Siku ya tatu nikachukua daftari. Basi sikilizeni, na wewe Faraja hasa.

Asubuhi ile nilikuwa na tangi la pili limejaa, kahawa ya majirani zetu wa Itaka, watu waliotuchangia hata kuni za harusi yetu. Niliisugua, ikateleza. Nikapiga hesabu yangu: ingelia kabla jua halijaegemea magharibi. Hapo ndipo jirani yetu mmoja mwanamke alipokuja mbio, kanga mkononi. "Mkeo uchungu umemshika! Na si mzaha!"

Ndiyo ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Nilichukua baiskeli ya Bwana Msimamizi iliyokuwa imeegemea ukuta, bila kuomba. Yeye alikuwa shambani kwa mkulima mmoja. Yule mwenzangu aliyetaka kufundishwa alisimama pale mlangoni, akaniuliza, "Fundi, tangi la pili tulioshe saa ngapi?" Ningemwambia nini? Kwamba lioshe likilia? Hakujua kilio chake. Mimi ndiye niliyemnyima. Nikamwambia, "Msiguse. Narudi."

Sikurudi. Mama yako nilimpakia nyuma ya baiskeli, nikamfunga kwangu kwa kanga ya yule jirani asije akaanguka, tukaenda zahanati, kwenye mlima nasukuma, kwenye mteremko nashika breki kwa kiatu. Alikuwa akiniuma begani kila uchungu ulipokuja. Alama ninayo, muulize, atakataa. Muuguzi alimpokea, akanitimua nje. Nikaketi kwenye kibaraza. Jua likawaka kuliko siku zote za msimu ule. Niliona kivuli cha nyumba kinavyosogea na nikajua, sasa inalia. Sasa imepita. Sasa inaoza. Mkono wangu wenyewe ulikuwa unasugua hewa. Kurudi nilikuwa naweza, baiskeli ilikuwa pale. Sikuondoka, maana niliisikia sauti ya mama yako mle ndani.

Ulizaliwa kesho yake asubuhi. Nilikushika, ukanikunjia uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Ndipo nikaenda kukabili nilichokifanya.

Harufu niliikuta njiani kabla sijaona paa la kiwanda. Bwana Msimamizi alikuwa amesimama kando ya tangi la pili.

"Ulikuwa wapi?"

"Zahanati, mzee. Mke wangu amejifungua."

"Salama?"

"Salama. Wa kike."

Akavua kofia yake ya sufu, akaishika kifuani kitambo kidogo, akaivaa tena. "Mungu ashukuriwe. Sasa, tangi hili ni la watu. Jioni watakuja. Utasimama hapa na mimi, uwaambie kwa kinywa chako."

"Ndiyo, mzee," nikajibu.

Nilimdanganya. Jioni haikunikuta. Nilikwenda kuwachukua ninyi wawili, tukapanda lori la mahindi hadi Tunduma. Kuharibu tangi ni ajali ya kazi, naweza kuieleza mbele ya mtu yeyote. Lakini kumwacha mzee yule asimame peke yake mbele ya majirani zangu, hiyo haikuwa ajali. Nilisikia baadaye kwamba aliwaambia, "Kosa ni langu, mimi ndiye msimamizi." Jina langu hakulitaja. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kurudi.

Njiani mama yako alikupa jina. Nilimuuliza kwa nini hilo. Akasema, "Jitazame ulivyo. Si unahitaji?"

Tunduma nilibeba magunia ya mahindi na mchele kwenye maghala ya mpakani. Kazi ile ina elimu yake nayo: gunia halibebwi kwa mgongo, linabebwa kwa shingo na nyonga, na mguu wa kwanza kupanda ubao ndio uwe wa kwanza kushuka. Madereva wa upande wa Zambia walikuwa wakinisalimu kwa Kibemba kwa kelele, "Mulishani, mzee wa koti!" nami naitikia kwamba ni mzima, "Bwino!" Nikapanda nikawa mnyapara wa wabebaji, nikajenga nyumba hii kwa matofali niliyoyafyatua mwenyewe. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Baada ya miaka mingi kituo kingine cha kahawa huko Mbozi kikatafuta mtu wa matangi. Bwana Meneja alikuwa kijana wa diploma, ana kipimajoto mfukoni. Alinijaribu. "Mzee, kipimo kinasema bado." Nikasugua, nikamsogezea sikioni. Akarudisha kipimo mfukoni. Tangu siku hiyo tukaelewana. Pale nilifundisha kila mtu. Mpishi nilimfundisha. Mlinzi nilimfundisha. Wakanicheka: "Mzee huyu anataka hata mbwa ajue kuosha kahawa." Sikuwaambia sababu. Na siku ya kuniaga Bwana Meneja akasimama mbele ya wote, akasema mzee huyu hajawahi kuharibu tangi. Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Niliivaa sifa ile kama koti la baba yangu, imenizidi mikono, nikaizoea.

Kwa wazee wenzangu mnaoambiwa na watoto wenu muandike, ushauri wangu ni huu tu. Msianze na kuzaliwa. Anzeni na siku ile ambayo mkisikia inatajwa mnatoka nje kwenda kutazama kuku. Mengine yatafuata yenyewe, kama mnavyoona yalivyonifuata.

Jumamosi iliyopita Faraja alikuja. Nilimpa daftari, nikaenda nyuma ya nyumba, maana sikuweza kumtazama akisoma. Alikaa muda mrefu. Alipokuja alikuwa amekumbatia lile kaunta buku, macho mekundu.

"Baba."

"Mm."

"Maisha yangu yote umetuambia ulihama Itaka kutafuta maendeleo."

"Niliyapata pia."

Akacheka, huku akijifuta machozi. Kisha akauliza lile nililoliogopa. "Ungekuwa na hakika litaoza, ungebaki na tangi?"

"Nisingebaki. Pale kibarazani nilikuwa na hakika. Nilikaa."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, anajifanya hasikilizi.

"Itaka bado kuna watoto wa wale majirani," Faraja akasema. "Tutakwenda wote. Utawaambia kwa kinywa chako. Mimi nitasimama na wewe."

Niliitikia kwa kichwa tu, na safari hii sikuwa najifanya mnyenyekevu.

Kando yangu kulikuwa na ndoo ya kahawa ya mibuni yangu, nimeimenya kwa mkono, naivundika. Nikaifunua. Binti yangu, mtu wa ofisi, nimemsomesha hadi chuo na jambo hili sijawahi kumfundisha. Nikamwambia, "Kunja mkono wa nguo." Akaingiza mkono, akachota, akasugua, akaisogeza sikioni kama alivyoniona nikifanya hapa nyumbani miaka yote.

"Inateleza," akasema.

"Basi bado."

"Tufanyeje?"

"Tukae."

Akavuta kigoda, akaketi karibu yangu. Tukakaa mpaka ikalia, na yeye ndiye aliyeisikia kwanza.