Turubai la Mbata na Hesabu ya Msukumo

Msimu ule nyumba yetu ya Mwera ilinuka mbata, nazi zilizokaushwa. Mama alizianika uani juu ya turubai la buluu, na harufu yake nzito ya mafuta iliingia hadi kwenye madaftari yangu ya kidato cha tatu. La fizikia sikupenda kulifungua. Mwalimu Elinami, mama mpole aliyeshuka kwetu kutoka milima ya Usambara, alikuwa ametufundisha msukumo: nguvu inayokipiga kitu, zidisha kwa muda inaodumu. Alileta mayai ya kuku wake mwenyewe. Moja alilirusha ukutani, likapasuka. Jingine alilirusha kwenye shuka iliyoshikwa kwa kulegea, likatua zima. "Mwendo uliopotea ni uleule," akasema. "Ukirefusha muda wa kusimama, nguvu inapungua. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye fizikia." Darasa lilicheka. Kwenye jaribio nikapata sifuri, maana nilikuwa nimekariri kanuni bila kuielewa, na siku hiyo hata kanuni yenyewe ilinitoka.

Wiki hiyohiyo, alasiri, mdogo wangu Zuhura, mwenye miaka sita, alipanda mkorosho nyuma ya nyumba. Tulisikia tawi likialika. Alikuwa ananing'inia kwa mikono, juu kuliko paa, na hakuna aliyeweza kumfikia. Mama alipiga yowe. Jirani yetu Bi Mwanaidi akaja mbio, na dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita akaitupa pikipiki yake. Tulimwaga mbata, tukalishika turubai pembe nne.

"Livuteni likaze!" dereva akaamuru.

"Hapana!" nikapaza sauti. "Liinueni mabegani, lilegee. Akitua, tushuke naye!"

"Mtoto huyu anasema nini?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Fanyeni anavyosema," mama akajibu.

Tawi likakatika. Turubai lilizama mpaka karibu na ardhi, viganja vyetu vikachubuka, kisha Zuhura akaangua kilio. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Aliteguka kiwiko tu.

Jioni nilikaa na daftari la fizikia. Kilo ishirini, mwendo kama mita kumi kwa sekunde: msukumo wa mia mbili. Ardhini angesimama kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, nguvu ya nyutoni elfu kumi. Kwenye turubai, sehemu ya tano ya sekunde: elfu moja. Nilirudia hesabu mara tatu, huku nalia.

Sasa nafundisha fizikia mjini, Raskazone, katika shule yenye maabara na video. Mwaka jana mimi na Zuhura tulipanda Usambara kumwamkia Mwalimu Elinami, aliyekwisha kustaafu. Baada ya shikamoo nikamsimulia yote. Akamtazama Zuhura, na mtoto aliyelala mgongoni mwake.

"Nami nilikupa sifuri," akasema taratibu.

"Nilistahili, Mwalimu. Ahsante."

Vifaa vyangu ni vingi kuliko alivyokuwa navyo yeye. Lakini bado sijui kama nimewahi kufundisha somo lililomdaka mtoto wa mtu kabla hajafika ardhini.