Nyumba Tupu za Mtoni

Mama Wadudu: binti wa mchimba visima aliyechimba visima kumi na saba kwa mikono yake, mjukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya watu wa bonde lile, mjane wa fundi bomba ambaye hakuitwa mara ya pili kwenye bomba alilofunga. Yeye mwenyewe aliingia ofisi ya maji akiwa mfagiaji, akawa mpima mto, na kwa miaka ishirini na minne hakukosa Jumanne ya kwanza ya mwezi, isipokuwa ile ya kumzika mumewe. Mwezi huo alikwenda Jumatano.

Jina alipewa na wafua nguo wa darajani. Walimwona anaingia majini na wavu, anapiga mawe teke, anamimina kilichonaswa kwenye beseni jeupe, kisha anainama kama anayechambua mchele.

"Mama Wadudu, leo supu ya nini?"

"Ya ulimi wako. Sogea, unanitia kivuli."

Kazi yenyewe haina uchawi. Kwenye maji mazima huishi wadudu wasiovumilia uchafu: wale wenye mikia mitatu, na wale mafundi wadogo wanaojijengea vijumba vya mchanga, vyembamba kama njiti ya kiberiti, wakavigandisha kwenye mawe. Maji yakiharibika hao hufa kwanza, wakabaki ruba na minyoo myekundu. Unahesabu, unaandika, ofisi inabandika ubao darajani: mto una afya, au mto unaumwa. Watu wa bondeni, wasio na bomba, walikunywa kwa ubao ule.

Mwaka wa ishirini na nne macho yakaanza kumsaliti. Hakumwambia mtu. Angesemaje, naye ndiye aliyezoea kuwasomea wenzake barua? Wenye mikia walipopotea akasema ni mvua. Vijumba vya mchanga alivipapasa kwa kidole, akavikuta tele. Akaandika thelathini, akaandika arobaini. Miezi mitatu mfululizo ubao ukasema mto una afya. Na maji, jamani, yalikuwa meupe pe, hata utelezi wa kijani mawe yameuvua. Watu wakasifu.

Mdogo wake, fundi cherehani wa bondeni, alianza na tumbo, akaendelea na kutapika, akaishia kitanda cha tano wodi ya wanawake, miguu imemvimba. Daktari akamuuliza anakunywa maji gani.

"Ya mtoni. Mpimaji ni dada yangu huyu hapa." Alisema kwa maringo, na ndoo ya matapishi ipo ubavuni.

Mama Wadudu hakukalia hata kiti alichosogezewa. Alitoka wodini hadi mtoni, akang'oa mawe manne, akayabeba kwenye ndoo mpaka nyumbani kwa mdogo wake. Alimkuta binti wa mdogo wake kwenye cherehani, anamalizia nguo za watu.

"Mwanangu, chukua sindano. Toboa vijumba hivi, uniambie mwenye nyumba anafanya nini ndani."

Binti akatoboa. "Hamna mtu."

"Toboa kingine."

"Hamna. Hamna. Mama mkubwa, haya ni maganda matupu."

Walitoboa hamsini na kimoja. Mama Wadudu alikuwa amehesabu nyumba za marehemu. Maji yale yalikuwa meupe kwa sababu hakikubaki chenye uhai cha kuyatia rangi. Juu kule, kama ilivyojulikana baadaye, nyuma ya ukuta uliojengwa mwaka ule, palikuwa na karakana inayovunja betri kuukuu na kumwaga tindikali yake mtoni.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unahesabu?" binti akauliza.

Mama mkubwa wake alitazama ndoo.

Kesho yake mkuu wa ofisi, mwanamume aliyeajiriwa akamkuta yeye tayari yuko kazini, alifunga mlango. "Mama, tuandike mto umeharibika wiki hii, basi. Ukifuta miezi mitatu watauliza na miaka yote. Watasema mzee haoni. Utaondoka vibaya."

"Tukiandika wiki hii, daktari atatafuta ugonjwa wa wiki hii. Na waliokunywa miezi mitatu watajiona wazima. Lete kalamu."

Alikata mistari mitatu ya daftari kwa mkono wake, pembeni akaandika: Sikuona. Kabla ya adhuhuri ubao ulibadilishwa. Alipopita darajani mfua nguo mmoja alitema mate, wengine wakainamia nguo zao.

Mdogo wake alifariki Ijumaa. Kumi na wanne wengine walipelekwa hospitali, wawili hawakurudi.

Siku ya nane baada ya mazishi alifika kwa binti na wavu, beseni na ufunguo.

"Mama mkubwa, niache. Sitaki kukuona."

"Usinione. Nimeleta kazi."

"Wasomi wamekwisha huko ofisini?"

"Wasomi wataamini daftari langu. Wewe hutaamini hata mstari mmoja, ndiyo maana nimekuja kwako." Akaweka vitu juu ya meza ya kukatia. "Jumanne uanzie upande wa chini wa mto, kisha ukwee kwenda juu, usijichafulie maji ambayo hujayapima. Ukikuta sufuri, andika sufuri siku hiyo hiyo."

Binti aliendelea kukanyaga cherehani.

"Na ufunguo huu ni wa kabati la ofisi. Humo mna chupa za kila mwezi, wadudu wamelazwa kwenye spiriti, tangu nilipoanza. Zifungue zote, utoboe kijumba kimoja kimoja, uanzie za mwisho urudi nyuma. Nitafutie mwezi nilioanza kutoona, halafu ukauandike kwenye ubao wa darajani."