Hodi Inapita, Kitanda Hakipiti

Mimi shule ya msingi sikuimaliza, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema ili ujue kwamba chumba cha seva kilicho ndani ya nyumba yangu pale Nguba hakuna aliyenipa. Ukivunjika mguu hapa Bukavu, ukapigwa picha ya mfupa katika kituo kimojawapo kati ya vile ninavyovihudumia, picha yako inakuja kulala kwangu, na daktari akiitaka ananiomba mimi. Wengine wanajivunia mashamba na ng'ombe. Mimi najivunia mashini, na sioni haya.

Shida ilianza tulipoweka seva nyingine katika nyumba ya pili, kule Muhumba, ili umeme ukikatika upande mmoja, upande wa pili uendelee na kazi. Tukaziunganisha nyumba hizo mbili kwa antena. Tangu hapo mambo yakawa ya ajabu. Jina la mgonjwa linapita. Dawa alizoandikiwa zinapita. Picha ya mfupa, leo inafunguka, kesho inagoma. Asubuhi inafunguka, ukila chakula cha mchana ukirudi, imekufa.

Nilisema ni umeme. Nikabadilisha betri zote, picha zikagoma. Nikasema ni mvua inayosumbua antena. Mvua ikanyesha ile ya kwetu ya kubomoa njia, na picha zikafunguka vizuri kabisa. Jua likawaka, zikagoma. Hapo nikanyamaza, na watu wanaonijua watakuambia kwamba hiyo peke yake ni habari.

Daktari mkuu wa vile vituo hakunyamaza.

"Maman," aliniambia kwenye simu, "kazi yako ninaiheshimu. Lakini mugonjwa iko juu ya meza, hawezi kungojea rezo yako, mutandao wako, iamuke. Nitatuma mutu achukue mafaili. Tutayapeleka Kinshasa."

Kinshasa. Wagonjwa wa Kadutu na Bagira, mifupa yao ikatunzwe Kinshasa. Nikipoteza mafaili yale nimepoteza jina, na jina langu nilikuwa nimelijenga kwa meno.

Mtu wake alikuja mchana, na katoni ya kubebea diski. Kijana hakuwa, alikuwa baba mzima, mpole, anaona haya kwa kazi aliyotumwa. Nikamketisha sebuleni.

"Kunywa chai, papa. Katoni iweke chini, bado haijaitwa."

Nikaingia kwa enjeniya wangu. Ni mwanaume wa makamo, amesoma sana, na namlipa kama mtu aliyesoma sana. Yeye ndiye alinifundisha habari za kontena. Si zile za mabati ambamo watu wanauza saruji. Hizi ni programu, kila moja imefungwa peke yake ndani ya seva, kama mpangaji katika nyumba ya vyumba vingi: ana mlango wake, ana anwani yake, hajui jirani amepika nini. Kuna programu nyingine, kama mwenye nyumba, inayoamua nani alale seva gani, na inawahamisha ikitaka. Na njia kati ya vyumba hivyo si waya ambao unaweza kuushika kwa mkono. Ni njia iliyochorwa ndani ya mashini tu.

"Enjeniya, njia imekatika?"

"Hapana, patroni. Angalia." Akaandika kitu, mashini ikajibu. "Iko inajibu. Siku zote inajibu. Ndiyo maana nasema rezo haina kosa."

"Umeiuliza nini?"

"Sijaiuliza kitu. Nimepiga hodi tu, kontena ya ile ngambo inasema karibu."

"Hodi yako iko na ukubwa gani?"

"Kadogo sana."

"Sasa batu bako banahamisha kitanda, na weye unapiga hodi mulangoni. Hodi inapita mulango wowote. Kitanda ndiyo hakipiti. Tuma kitanda."

Alicheka, lakini alicheka vidole vikiwa tayari vinaandika. Akatuma kitu kikubwa kidogo, kikajibiwa. Akaongeza, kikajibiwa. Akaongeza tena, na mashini ikanyamaza. Haikukataa, haikulalamika. Ilinyamaza tu, kama mtu anayejifanya hajakusikia sokoni. Akapunguza kidogo, ikajibu.

Enjeniya akavua miwani.

"Kuna mulango mwembamba," akasema.

"Ju ya nini basi kuna siku kitanda kinapita?"

Hilo aliligundua yeye, na sifa yake nampa yote. Aliangalia mwenye nyumba amewalaza wapi wapangaji wake. Siku ambayo kontena ya picha, ile inayozifungua, na kontena ya mafaili, ile inayozitunza, zinalala katika nyumba moja, picha haitoki nje, inavuka ukumbi tu, inafika. Siku ambayo moja imelazwa Nguba na nyingine Muhumba, picha lazima ipite kwenye antena, na hapo inakwama. Haikuwa mvua wala jua.

"Lakini sielewi," akasema. "Paketi zetu, vile vipande picha inakatwa ili isafiri, nimezipima. Mulango wa antena nimeupima. Vinalingana sawasawa kabisa."

"Paketi ikitoka hapa kwenda Muhumba, inavaa nini?"

"Inavaa antete."

"Sema kwa Kiswahili."

"Kichwa. Kichwa cha pili, juu ya kile chake. Ndani yake kunaandikwa anwani ya seva ya kule. Bila hicho haijue kwa kwenda."

Nikaketi. Kisha nikacheka mpaka yule wa katoni akachungulia mlangoni na kikombe mkononi.

Mtu aliyenunua makala, yaani makaa ya kupikia, katika mji huu anaijua shapo. Mfuko unajazwa hadi mdomoni, halafu muuzaji anapanga makala mengine juu, anayazungushia majani na kamba, mfuko unavaa kofia. Mfuko usio na shapo, mteja anaupita kama hauoni. Mimi nimeuza makala kabla sijajua simu ni nini. Tukipakia lori kule Mudaka, mwenye lori mpya alikuwa anapima mfuko, anahesabu safu, anasema zote zitaingia chini ya turubai. Safu ya juu haikuingia kamwe. Alikuwa amepima mfuko, akasahau kwamba mfuko wa Bukavu hausafiri kichwa wazi.

"Enjeniya," nikamwambia, "umepima mufuko. Shapo hukupima."

Alinitazama. Akaitazama mashini. Akanitazama tena.

"Shapo," akasema polepole. "Haki ya Mungu, ni shapo."

"Itoe."

"Haitoki, patroni. Ndiyo inabeba anwani."

"Basi punguza mufuko."

"Ndiyo. Ndani ya kila kontena nipunguze mufuko, ili na shapo yake bado ipite."

"Na antena, ju ya nini inatupa muzigo chini bila kusema? Hata mulinzi wa barrière ya barabarani anakuambia muzigo wako umezidi."

Akakuna shingo. "Inasema. Ni miye niliifunga kinywa. Niliogopa bezi ba mutandao."

"Ifungue kinywa. Mwizi atapata tu habari ya kwamba mulango wetu ni mwembamba."

Akafanya kazi. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono kiunoni, na sikumwacha apumue. Alipomaliza nilimwambia azitenganishe zile kontena kwa lazima, ya picha ibaki Nguba, ya mafaili iende Muhumba, yaani ule mpango ambao ulikuwa unatuua kila mara. Sikutaka ushindi wa bahati. Kisha tukampigia simu fundi wa picha kituoni.

"Fungua yoyote."

"Imefunguka, maman. Ni paja."

"Lote?"

"Lote, na goti."

"Fungua ingine."

Zikafunguka mbavu. Likafunguka bega. Likafunguka fuvu la mwendesha moto, yaani pikipiki, na fundi mwenyewe akaanza kuhesabu nyufa kwa sauti mpaka nikamwambia hiyo ni kazi ya daktari. Tuliendelea hadi jua likaelekea upande wa Kadutu, na hakuna hata moja iliyogoma. Yule wa katoni alikuwa ameingia ndani kabisa, anaegemea ukuta wangu.

"Maman," akasema, "sasa miye nibebe nini?"

"Beba salamu."

Daktari mkuu alipiga kabla huyo hajafika kwake. Alikuwa amejifungulia picha yeye mwenyewe, kwa siri, nyingi, akitafuta moja igome.

"Maman, ilikuwa nini?"

"Shapo."

"Nini?"

"Nitakuelezea ukija kula kwangu. Mafaili yanaenda wapi?"

Akakohoa kidogo. "Yabaki kwako."

"Ngoja niweke simu kwa sauti," nikamwambia. Nikamwita enjeniya, nikamwita fundi wa betri, nikamwita mama anayepika. "Sasa sema tena, dokta. Batu ba kazi bako banasikia."

Akasema tena.