Fungu la Mchanga Lenye Matamvua

Mama Mtiririko, mke wa mwanangu, ni binti wa fundi mifereji aliyeondoa mafuriko sokoni, na mjukuu wa mvushaji aliyeujua mto kuliko ua wake. Yeye mwenyewe ameusomea mto mpaka chuo kikuu. Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye mama mkwe wake, lisisahaulike hilo.

Kazi yake ni kuutia mto kwenye kompyuta. Hupita na mtumbwi wenye chombo cha kupima kina, kisha huiambia kompyuta umbo la chini na wingi wa maji. Nayo hukisia: hapa maji yatakimbia, hapa yatazubaa, hapa samaki watataga. Meza yangu ya chakula imegeuka mto, sisi tunakula sahani zikiwa magotini.

Safari hii ofisi ya maji ilingoja ramani yake. Palipochorwa mchanga, mtambo wa kuchota mchanga ungechimba. Palipochorwa mazalia ya samaki, usingegusa.

Asubuhi ya kuipeleka nikamkuta ameduwaa.

“Mama, hebu ona. Hapa konani pana dimbwi la samaki kutagia. Leo kompyuta inasema ni fungu la mchanga.”

“Si ndiyo unayoisifia kila siku?”

“Inasema ninachoilisha, Mama. Huenda nimeilisha uongo.”

Akatoka mbio, viatu mkono mmoja, ufito wa kupimia kina mkono wa pili. Nikamfuata kwa mwendo wa hadhi yangu.

Mwanangu alikuwa ukingoni, kwenye kona hiyohiyo. Yeye hufua mazulia ya watu, na huyaloweka mtoni kwa marundo, yamekandamizwa kwa mawe. Mkewe akaingia majini mpaka kifuani, akachoma ufito chini. Ukazama kama kwenye godoro. Akapapasa, akaibuka na matamvua mekundu.

“Baba watoto! Haya yalikuwamo siku niliyopima?”

“Yalikuwamo. Ulipita juu yake ukanipungia mkono.”

“Nimepima mazulia nikachora mchanga!”

“Basi ramani yako ina sebule.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkewe hakucheka hadi mazulia yote yalipotoka, akapima upya, na dimbwi likarudi kwenye ramani. Hapo ndipo alipocheka kutushinda.

Ramani ilipokwisha kwenda, akamkabidhi mumewe ule ufito.

“Kuanzia leo kona hii ni yako. Mazulia utaloweka kule mwambani. Hapa utapima kina kila mvua zikiisha, uniletee.”

“Na cheo changu?”

“Muulize mama yako.”

Nikamwambia aanze kwa kuacha kuushika ufito kama ufagio.