Ulanzi wa Agosti

Mwezi wa Agosti mwaka 1997, siku ya gulio, mwanamke mmoja kutoka Lipingo alimfuata Walburga Hyera mbele ya kilabu chake hapa Mbinga mjini, akamlalamikia kwamba ulanzi wake umemvuruga mumewe tumbo. Alisema waliununua juzi yake, huko chini ziwani, na dumu lilikuwa na jina lake kwa rangi nyekundu: Ulanzi wa Walburga. Walburga alikuwa anafagia. Aliegemeza ufagio ukutani, akamwomba yule mama arudie. Akarudia.

Mimi, mwalimu wa shule ya hapa mjini, nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, nikimsubiri fundi cherehani wa mlango wa pili amalize suruali yangu. Nilimwona Walburga anavyokunja uso taratibu, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Mianzi yangu ilikauka mwezi wa tano," alisema. "Mumeo amekunywa nini?"

Kwa kweli hata mimi nilishtuka, kwa sababu Agosti hiyo hiyo nilikuwa nimeshakunywa ulanzi mara mbili au tatu na sikuwa nimejiuliza. Kila mtu wa huku anajua kwamba ulanzi ni pombe ya masika. Mwanzi mchanga unakatwa ncha ukiwa bado laini, unafungiwa kikombe cha kipande cha mwanzi mkavu, na maji yake yanadondoka humo tone kwa tone, yakichacha yenyewe. Mvua zikiisha, mwanzi unakomaa na kufunga, basi. Tulijua hivyo tangu utotoni. Lakini Agosti ni msimu wa kahawa, watu wana fedha na kiu, na mtu mwenye kiu haulizi sana.

Walburga wakati huo alikuwa na miaka hamsini na kitu, mjane, mama wa watoto wanne waliokwisha kuondoka nyumbani. Mianzi aliachiwa na baba yake, bondeni nyuma ya mashamba ya kahawa, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Kugema ni kazi ya wanaume, ndivyo walivyozoea wengi, ila baba yake hakuzaa mtoto wa kiume, akamfundisha yeye na dada yake Gertruda. Asubuhi na jioni, miezi mitano kila mwaka, alipita mwanzi mmoja baada ya mwingine na kisu chembamba, akichonga ncha upya ili isizibe. Vikombe alivisuuza kijitoni. Ulanzi uliokaa siku mbili alikuuzia na kukuambia ni wa siku mbili. Uliokaa zaidi ya hapo na kuwa mkali kupita kiasi alimwaga. Nimewahi kumwona akimwaga ndoo nzima mbele ya wateja waliokuwa tayari kuinywa.

Basi miaka ile ikaja ruhusa. Kila mwenye gari akaruhusiwa kununua kahawa, kila mwenye chumba akafungua duka. Chama cha ushirika, kilichokuwa baba na mama wa wilaya nzima, kikaanza kupunguza watu. Mmoja wao alikuwa Mansuetus, mdogo wa marehemu mume wa Walburga, karani wa ghala kwa miaka kumi na minne. Alirudi nyumbani na kalamu yake mfukoni. Walburga alimhurumia. Mansuetus alipokuja na wazo la kupeleka ulanzi ziwani kwa malori yaliyofuata dagaa, alimwuzia. Alipoomba kuandika jina lake kwenye madumu, kwa kuwa ndilo watu walilolifahamu, alimkubalia pia. Baadaye aliniambia kwamba katika mambo yote yale, hilo moja lilimuuma zaidi, kwamba jina alilitoa mwenyewe kwa mdomo wake.

Siku ile ya gulio hakufunga hata kilabu. Alimwacha yule mama wa Lipingo amesimama, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, nami nikamfuata. Suruali niliisahau.

Nyumba ya Mansuetus ilikuwa na banda la mabati kwa nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Ndani tulikuta mapipa matatu ya plastiki, kiroba cha sukari, hamira, kopo la maziwa ya unga, na pakiti za sakarini, vile vidonge vidogo vitamu kupita sukari ambavyo vilikuwa vimeanza kuuzwa kila duka. Maziwa yalikuwa ya kutia weupe. Hayo yote Walburga aliyatazama kimoja kimoja. Kisha akaona bakuli juu ya kigoda. Ndani ya bakuli kulikuwa na vipande vya maganda ya mianzi vilivyokatwakatwa, na nyuki wafu.

Nyuki hupenda ulanzi. Huzama kwenye vikombe kule bondeni, na mnywaji akikuta nyuki mmoja ndani ya kinywaji chake anaridhika kuwa kimetoka kwenye mti. Mansuetus alikuwa anawaokota nyuki waliokufa, chini ya mizinga ya jirani yake, na kuwatia kwenye madumu pamoja na yale maganda, wawili au watatu kila dumu.

Mansuetus aliingia akatukuta. Hakukimbia wala kukana. Alisalimia kwanza, kwa heshima, kama alivyozoea.

"Shemeji," alisema, "watu wanataka ulanzi Agosti. Mianzi yako haitoi. Mimi nifanyeje?"

"Uwaambie hakuna."

"Nikisema hakuna, wananunua kwa mwingine. Hicho wanachonunua kwa mwingine ni hiki hiki, tena kichafu. Changu nachemsha maji."

"Na nyuki unawachemsha?"

Walburga alishika ukingo wa pipa la kwanza kwa mikono miwili na kulivuta. Lilikuwa zito, akalivuta tena, likaanguka. Kinywaji kile cheupe kikamwagika kwenye vumbi hadi mlangoni, kikapita juu ya viatu vyangu. Alilifuata la pili. Mansuetus alimshika mkono, si kwa nguvu, akamwambia kuwa lile pipa ni ada ya shule ya Jacqueline, binti yake. Walburga akaliacha. Nadhani kuliacha kulimkasirisha kuliko kulimwaga lile la kwanza, maana njia nzima ya kurudi alitembea mbio, nami nikibaki nyuma.

Kesho yake alikwenda kwa bwana afya. Huyu aliitwa Nazari, mtu wa Tanga, aliyehamishiwa kwetu mwaka uliotangulia, mpole, hakuwahi kuonja pombe maishani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake na kwenda bandani kwa Mansuetus na daftari la ukaguzi. Alirudi jioni. Alimweleza kwamba mapipa ni safi, maji yanachemshwa, na leseni ya biashara ipo ukutani. Sakarini inauzwa dukani kihalali, maziwa ya unga ni chakula cha watoto. Hakuwa na kifungu chochote kinachosema ulanzi lazima utoke kwenye mwanzi.

"Mama, sheria yangu inaniuliza kama kitu kitamdhuru mtu," alisema. "Hainiulizi kama kitu ni cha kweli."

Walburga alimwuliza basi nani anayeuliza hilo. Nazari alifunga daftari, akasema hajui. Nilipomwuliza Walburga baadaye ilikuwaje, alisema afadhali yule bwana afya angekuwa mla rushwa, angepata wa kumtukana.

Miezi iliyofuata alibeba hasira yake kama mzigo wa kichwani, hata kazini haikumshuka. Alikwenda kwenye nyumba ya Mansuetus na kopo la rangi nyeusi, akafuta jina lake kwenye kila dumu aliloliona. Mansuetus akaandika tena, safari hii "Ulanzi Halisi wa Walbu". Walburga alimshitaki kwa wazee wa ukoo, nao wakawapatanisha kwa maneno matamu na kuwataka washikane mikono. Alimshika mkono, akatoka, na mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ameshika mkono wa mwizi.

Tumaini lake lilikuwa masika. Aliamini kwamba watu wamedanganyika kwa kuwa hawakuwa na cha kulinganishia. Mianzi ikianza kutoa, na ulanzi wa wote wawili ukiwa mezani, kila ulimi utasema kweli. Alitwambia hivyo mara nyingi, nasi tulitikisa vichwa kukubali.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kiasi, zilikata barabara ya kushuka ziwani na kusomba mashamba ya watu, lakini mianzi ilifurahi. Februari, Jumapili moja baada ya misa ya pili, Walburga alituita watu tisa kilabuni. Alikuwa ameweka mitungi miwili iliyofunikwa kwa kitambaa, mmoja wa kwake, uliogemwa alfajiri ya jana yake, na mmoja wa Mansuetus ulionunuliwa na mtu mwingine ili asishtuke. Nazari alikubali kuja kutunza siri ya upi ni upi, akisema tangu mwanzo kwamba hatagusa kikombe. Alisimama pembeni, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani.

Tulikunywa mmoja mmoja, na kila mtu akamnong'oneza Nazari mtungi aliouchagua.

Ule wa mtungi wa kushoto ulikuwa mtamu na mzito mdomoni, laini, unateleza. Wa kulia ulikuwa mwepesi, una uchachu, na mwishoni ulibaki na ladha ya majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi. Nilidhani huo wa kulia ndio uliotiwa kitu. Nilimwambia Nazari wa kushoto.

Nazari alisoma matokeo bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Saba tulichagua wa kushoto. Wawili walichagua wa kulia: Gertruda, dada yake, na mzee mmoja wa Chiwanda aliyekuwa mjini kwa matibabu. Wa kushoto ulikuwa wa Mansuetus.

Kati ya wale saba alikuwemo mzee Egidi, aliyekuwa akinywa kwa Walburga tangu kilabu kinajengwa, na kabla ya hapo kwa baba yake. Walburga alimwendea yeye kwanza. Alimwuliza kama amekosea mtungi.

"Sikukosea, mwanangu," alisema Egidi. Aliona haya, lakini alikuwa mtu mkweli. "Ule mwingine ulikuwa mtamu."

Nilitegemea Walburga atalia. Hakulia. Alizungumza polepole, na kila mmoja alihisi anasemwa yeye.

"Mansuetus nilimwita mwizi," alisema. "Mansuetus hakuwaibia. Aliwapa mnachokitaka. Miaka yote mlikaa hapa mkisifu ulanzi wangu, kumbe mlikuwa mnasubiri mtu autie sukari. Mngeniambia. Ningelala kama watu wengine, nisingelowa umande kila siku kwa ajili ya midomo yenu." Kisha akanigeukia. "Na wewe Mwalimu. Wewe uliwaona wale nyuki kwa macho yako."

Nilikuwa nimewaona, na bado nilikuwa nimeendelea kununua, nusu lita jioni, kwa sababu duka alilofungua Mansuetus lilikuwa karibu na nyumba yangu na kinywaji kilinipendeza. Alituambia tuweke vikombe chini na kwenda kwa Mansuetus. Tukaweka, tukatoka.

Hakufungua tena kilabu. Chumba alikipangisha kwa muuza mitumba. Ulanzi aliendelea kuugema, lakini hakuuleta mjini. Aliyetaka aliufuata bondeni asubuhi, akanywa amesimama pale pale kwenye mianzi, wala hakumruhusu mtu kuondoka na chupa wala dumu. Mzee wa Chiwanda alipokuja kliniki alipitia huko. Padri mmoja alikuwa akija. Nazari alikwenda mara moja kutazama tu jinsi mwanzi unavyochongwa, akarudi na matope hadi magotini.

Mimi ilinichukua mwaka mzima. Nilikwenda Machi ya mwaka uliofuata, nikamwamkia, akaitika bila kunitazama. Alinipa kikombe. Nilikunywa na kusema ni mzuri, akanijibu nisiseme kitu nisichokijua, ninywe kwanza wiki mbili. Nilikwenda wiki mbili. Siku za mwanzo ulikuwa ule ule uchachu. Siku moja ya mvua nyepesi nilipita dukani kwa Mansuetus njiani, nikaonja chake, na kwa mara ya kwanza nikasikia sakarini, ile ladha ya chuma inayobaki kooni. Nilikitema. Nilimweleza Walburga nikidhani atafurahi. Alisema ulimi wangu umechelewa.

Mansuetus naye hakudumu. Hakushindwa na ukweli. Zilikuja pombe kali za vifuko vya plastiki, tamu zaidi na za bei ndogo, na vijana wa ziwani wakamwacha kama walivyomwacha Walburga. Alirudia kulima.

Binti yake Jacqueline alipoolewa, miaka michache baadaye, mwezi wa Aprili, Mansuetus alituma mjumbe kwa Walburga kuomba ulanzi wa harusi. Wazee wa upande wa bwana harusi, alisema, ni watu wanaojua kunywa, na asingeweza kuwaandalia kitu cha hovyo. Walburga aliyasikia maneno hayo mbele yangu. Alichonga mianzi mitatu kabla ya kujibu, na kisu kilikuwa kinakata ndani kuliko kawaida yake.

Aliupeleka. Ndoo nne, yeye na Gertruda, kwa miguu, kwa kuwa msichana hakuwa na kosa. Aliziweka mlangoni, akambariki bibi harusi, akakataa kiti. Mansuetus alimfuata hadi barabarani akimshukuru, akimwita shemeji. Walburga aliendelea kutembea, kitambaa cha kubebea ndoo begani, na Gertruda ndiye aliyegeuka akamwambia arudi kwa wageni wake.