Kiwiko cha Mama

Daktari wa Thika alinipangusa kiganja kwa spiriti, akakwaruza ngozi kidogo, akaenda kuipima. "Ni fangasi tu," akasema aliporudi. "Paka hii dawa wiki nne, itaisha."

Nilipokuwa mtoto, harufu hiyo ya spiriti ilijaa chumba chetu cha Mwiki kila jioni. Mama alikuwa akiosha chupa kiwandani, na viganja vyake vilivyopasuka alivimiminia spiriti huku akiuma meno. Kanisani waliacha kumpa mkono. Hakuna aliyemwambia aende hospitali.

"Maitu, nishike," nilimwomba mama kwa Kikuyu siku moja nikiwa na homa.

"Wacha, nitakuambukiza."

Akainama, akaniwekea kiwiko kwenye paji la uso, akatulia akisikiliza joto. Nilidhani mama wote hupima homa hivyo.